Nilifundisha somo la Norway, balozi wa nyumba kumi akaniita kwake

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Mie ni mwalimu mstaafu, bibi wa humu ndani. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha jiografia shule moja ya msingi pale Buguruni.

Siku hiyo somo lilikuwa Norway. Mwenyewe hata Zanzibar sijawahi kufika! Nilikuwa na kitabu kimoja na ramani iliyochanika.

Nikawaambia watoto huko kuna theluji, na kuna miezi jua halizami kabisa. Walicheka mpaka basi.

Ndipo Zuhura wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, na wao wanapanga foleni ya sukari?"

Nikaropoka, "Wapi! Huko sukari ipo tele."

Hapo hapo nikajua nimeteleza.

Vijana hamjui. Sukari ilikuwa ya mgao, na mwalimu kusema vile ilikuwa ishu nzito, kama kuisema vibaya serikali.

Kesho yake Mzee Mwinchande, balozi wetu wa nyumba kumi, macho na masikio ya chama mtaani, akanisimamisha njiani.

"Mwalimu, nimesikia unachowafundisha watoto. Jumamosi saa nne uje kwangu. Peke yako."

Nikajua kibarua kimeota nyasi, kama si kuwekwa ndani. Nikamwambia mama, nisiporudi mpaka adhuhuri amtafute kaka yangu anayekaa Kimara.

Jumamosi nikafika kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Funga mlango."

Akatoa barua.

"Mwanangu kapelekwa huko Norway kusoma. Anaandika jua halizami, Ramadhani inakuja, hajui atafuturu saa ngapi. Mama yake analia, anasema mtoto karukwa na akili. Watoto wanasema wewe umelifundisha jambo hilo la jua. Ni kweli?"

"Kweli kabisa, mzee. Mwanao ni mzima."

Akashusha pumzi, akafuta macho kwa kanzu.

La sukari hakuligusa. Sijui hakulisikia, sijui alinisitiri.

Ila wakuu, woga haukuniisha. Tangu siku ile mtoto akinyoosha mkono, nasema, "Hatujafika huko." Zuhura akaacha kuuliza mpaka akamaliza la saba.

Mzee wa watu alitaka kuelimishwa tu. Aliyewaziba midomo wale watoto ni mie.

Funzo langu ndilo hilo, na linaniuma mpaka leo. Mliosoma zama zile, swali gani mlilimeza? Liandikeni hapa. Safari hii nitajibu.