Nahodha Hana Nguvu Yoyote

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la mwenzangu mtaniona mnafiki. Mimi ni fundi wa sauti redioni. Katika mchezo wetu wa Jumamosi alasiri, chombo kinachosafiri kati ya nyota huruka kwa feni yangu mbovu, milango yake hufunguka kwa zipu ya begi, na mvua ya vimondo ni mchele ninaoumwaga kwenye sinia. Mchezo huenda hewani moja kwa moja, hakuna kurekodi wala kurudia, kwa hiyo kila Jumamosi tunacheza roho mkononi.

Nahodha wa chombo hicho alikuwa mwanamke, na aliyemwigiza tulimwita Dobi kwa sababu ndiyo kazi yake. Siku nyingine zote alifua na kupiga pasi mashati ya watu katika chumba cha nyuma nyumbani kwao. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mfupi, viganja vimechujuka kwa sabuni, na sijapata kuona mtu mwoga kama yeye. Aliogopa ngazi. Aliogopa mbwa. Aliogopa hata pasi yake mwenyewe, akifika kituoni humwuliza mlinzi, "Hivi niliizima kweli?" kana kwamba mlinzi alikuwepo. Lakini mpe maikrofoni usikie. Sauti ilitoka nzito na tulivu, ya mtu ambaye hajatishwa na kitu tangu azaliwe. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtazama kupitia kioo nisiamini kuwa ni yeye.

Sasa kosa. Jumamosi moja Mhandisi wa chombo amejeruhiwa na Nahodha amemwinamia. Dobi akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akajikuta hana la kusema. Kimya redioni ni msiba. Kwa woga akaanza kuguna, mmm, mmm, kama anavyofanya akingoja pasi ipate moto. Mimi nikaona ukurasa umefunuliwa, nikadhani tumerukia onyesho la pangoni, nikafungulia mwangwi. Ule mguno wa dobi ukavimba, ukazunguka, ukawa kitu kinachosimamisha vinyweleo. Mhandisi alikuwa ni Mwandishi wetu mwenyewe, kwa sababu hapendi kumwachia mtu mwingine nafasi nzuri ya kufa. Naye akababaika, akasema mstari wa kwanza alioukuta mbele yake: "Nahodha, maumivu yameisha!"

Ukurasa uliorukwa ndio uliokuwa na daktari na dawa yake. Msikilizaji hakumsikia daktari. Alisikia mguno, kisha mtu amepona.

Simu zililia wiki nzima. Je, Nahodha ana nguvu zilizofichika? Wengine walisema amezaliwa nazo na hajijui. Wengine walisema anajua ila anaficha ili wakubwa wake wasimwogope. Mtu mmoja alipiga simu mara nne kuuliza kama anaguna kwa pua au kwa koo. Mwandishi alipata wazimu wa furaha. Jumamosi iliyofuata akaandika mguno mwingine, safari hii kwa makusudi, na mwangwi nikautia mimi kwa mkono wangu. Kisha akatangaza hewani kwamba Jumamosi ya tatu baraza la chombo litamweka Nahodha kwenye jaribio, na swali litajibiwa.

Alhamisi kabla ya jaribio, Dobi alikuja kituoni amevaa kandambili. Nilijua hapo hapo kuna jambo, maana huyu ni mtu asiyevuka barabara bila viatu vya kufunga.

"Fundi," akasema, "Mama ameacha sindano."

Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na sukari alikuwa nayo miaka mingi. Alijichoma insulini mwenyewe asubuhi na jioni, na hakuna aliyemsimamia, maana nani angemsimamia mwalimu? Asubuhi ile Dobi alifungua friji kutafuta maji, akaona kichupa cha dawa kimejaa vile vile kama kilivyokuwa Jumamosi. Akauliza. Mama akajibu bila kupepesa macho kwamba amepona. Alikuwa ameweka redio kifuani Nahodha alipoguna, na tangu hapo hana haja ya sindano.

"Nikamwambia, Mama, ni mimi yule! Ni mimi ninayekufulia mashuka! Akaniambia, wewe hujui ulichonacho." Dobi alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Amekunywa ndoo ya maji tangu jana, Fundi. Muuguzi amekuja na kipimo, amefukuzwa. Mtu mzima nitamkamata nimchome kwa nguvu?"

Nilikumbuka kidole changu kwenye kile kitufe cha mwangwi, na nilitamani kukitupa.

Tulikwenda kwa Mwandishi pamoja. Dobi akamwomba jambo moja tu: Jumamosi, kwenye jaribio, jibu liwe hapana. Mwandishi alitusikiliza huku akinyoosha tai. Alisikitika, na sisemi kwamba hakusikitika. Lakini alisema, "Dada yangu, watu wamengoja wiki mbili. Ukimnyang'anya msikilizaji muujiza, anazima redio. Mpeleke mama hospitali, mimi niachie hadithi."

"Angekubali kwenda hospitali ningekuja kwako?"

Mwandishi akajitia kutafuta kalamu. Nilitoka mle ndani nikiwa na hasira za kuvunja kiti, na chini ya hasira hizo kulikuwa na woga mtupu, kwa sababu Ijumaa Dobi alisema mama anasinzia katikati ya sentensi.

Jumamosi ikafika. Taa nyekundu ikawaka. Mwandishi, kama Mhandisi aliyeumia tena, alilalama vizuri sana kwenye maikrofoni yake. Baraza likasema: Nahodha, tuonyeshe. Dobi akafumba macho, akaanza kuguna, na jicho la Mwandishi likanigeukia likinihimiza. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Kazi hii ndiyo inayonilisha na sina nyingine. Nikauondoa mkono, nikaukalia.

Mguno ukatoka mkavu. Mtu yeyote angesikia kwamba ni mwanamke aliyechoka, anaguna chumbani. Dobi akafumbua macho, akanitazama, akaelewa.

"Sina nguvu yoyote," akasema kwa sauti ya Nahodha. "Sikuwahi kuwa nayo. Siku ile daktari alikuwepo na alitoa dawa. Hamkumsikia, kwa sababu mimi nilikuwa nikipiga kelele. Leteni dawa."

Hilo halikuwamo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Wazee wa baraza, waigizaji wawili waliokuwa wakibadilisha sauti, walitazama karatasi zao kama zimeungua. Mwandishi alikunja uso, akajaribu kurudisha mchezo njiani. "Nahodha," akalia, "nguna tena! Nakuamini! Utaniacha nife?"

Nilifikiri Dobi ataanguka. Ila sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Usipotumia dawa utakufa," akasema. "Utakufa, na mimi nitakuwa nimekushika mkono nikiguna. Usinifanyie hivyo. Nakuomba."

Mwandishi akaishusha karatasi yake. Kisha, sijui kama ni ufundi au ni moyo, akasema polepole, "Haya. Nipeni dawa." Nikatia muziki wa mwisho dakika sita kabla ya wakati.

Dobi hakungoja kufukuzwa. Tulikimbia mitaa mitatu hadi kwao, yeye mbele. Pale kwenye kona kuna mbwa anayemfanya azunguke mtaa mzima kila siku; alimpita bila kumwona. Mlangoni akasimama ghafla, mkono kwenye kitasa, akashindwa kufungua. Ndani hakukuwa na sauti ya redio.

"Nenda wewe kwanza," akaninong'oneza.

"Mimi pia naogopa," nikamwambia, na ilikuwa kweli tupu. Tukaingia kwa pamoja, bega kwa bega, tukabanana mlangoni kama wapumbavu.

Mama alikuwa amelala chali kitandani, midomo imekauka na kupasuka. Chumba kilinuka harufu tamu, kama ya matunda yaliyoanza kuoza. Dobi akapiga magoti na kumwita, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu macho yakafunguka.

"Mnapiga kelele," Mama akasema. "Nimewasikia. Nimezima redio mwenyewe."

"Basi umesikia, Mama. Sina kitu. Sijawahi kuwa na kitu."

"Nilijua."

Dobi akaketi juu ya visigino vyake.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, mwanangu. Utaniambia mguno unashusha sukari?" Alijaribu kucheka, akaishia kukohoa. Kisha akavuta shuka kutoka miguuni, taratibu, kama mtu anayeonyesha kitu alichovunja. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi. "Daktari aliniambia mwezi uliopita. Akasema nikirudi watatazama kama watakata hapa, au hapa." Akagusa kifundo, kisha chini ya goti. "Sikumwambia mtu. Kila nikishika sindano naona msumeno. Halafu nikakusikia redioni, huogopi kitu. Nikasema, ngoja niamini. Siku chache tu, nipumzike kuogopa."

Nilitazama ukuta. Sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Dobi alikwenda kwenye friji, akarudi na kichupa na sindano. Akavuta dawa, akaipima kwenye mwanga wa dirisha, akaipima tena.

"Tukimaliza hapa tunakwenda hospitali," akasema. "Leo. Fundi ataita gari."

"Utaingia na mimi kule ndani?"

"Nitaingia."

Mama akamtazama usoni jinsi walimu wanavyomtazama mtoto anayesema amemaliza kazi ya nyumbani.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, Mama."

"Afadhali tuwe wawili," Mama akasema, akapandisha mkono wa gauni mpaka begani.