Mavazi ya Kazi kwa Maman Benitha

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala ziwani, Mukakalisa alikuwa akikaa nyuma ya kaunta ya mgahawa wake mdogo pale Kamembe, akitazama barabara kana kwamba hajaamka sawasawa. Watu walimwita Maman Benitha, kwa jina la bintiye. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akarudi Rwanda na mumewe. Mume alipofariki, alichukua sweta lake la kijivu, lililotoboka viwiko, akalivaa, na tangu hapo hakulivua hata siku za joto.

Wa kwanza kutokea barabarani alikuwa Parfait, mhudumu wake, aliyevuka daraja kila siku kutoka Bukavu. Parfait alipenda kuvaa. Leo koti la zambarau, kesho suruali ya rangi ya haradali na viatu vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Wageni wakiingia walimpa mkono yeye, wakamuuliza biashara inaendaje, huku mwenye mgahawa akiwapita na sahani za sambaza, wale dagaa wa ziwani, bila kusalimiwa.

Benitha hakupendezwa. Akamwambia mama yake kwamba mgahawa unahitaji utaratibu wa mavazi, mgeni ajue nani ni nani. Mukakalisa hakubisha, siku hizo mambo mengi yalimpitia kwa mbali. Akawaita Parfait na mpishi Gasaro, akawaeleza kwamba kuanzia Jumatatu ni shati jeupe, nguo nyeusi chini, na aproni ya kijivu. Gasaro akaitikia. Parfait akauliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Hii sheria ni ya batu bote, Maman, ao ni yetu tu?"

"Ni ya bote," alijibu, wala hakufikiri.

Jumatatu Parfait alikuja na shati jeupe. Alihudumia vizuri, ila alitembea kama aliyeazimwa nguo. Kilichomshangaza Mukakalisa ni barabara yenyewe, jinsi ilivyopauka. Hakuwahi kujua kwamba kila asubuhi alikuwa akiingoja ile rangi itokeze kwenye ukungu.

Wageni walipopungua, Parfait alimsogelea, akalitazama sweta.

"Maman, ulisema ni ya bote."

Alisema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Mukakalisa akaenda stoo, akalivua, akalinusa. Harufu ya mumewe ilikuwa imetoka zamani. Ilibaki ya mafuta na moshi. Akalia kidogo, akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Alasiri alimwomba Parfait amsindikize sokoni kuchagua kitambaa. Parfait alipita meza hadi meza, akigusa vitambaa kwa ncha za vidole, mpaka akasimama kwenye buluu iliyoiva, ile ya ziwa mvua inapokaribia.

"Hii itakukaa muzuri," alisema.

Aproni zote zilishonwa kwa buluu hiyo, na gauni la Mukakalisa pia. Shati jeupe lilibaki. Viatu na skafu ya shingoni, Mukakalisa aliamua, kila mmoja angejichagulia mwenyewe, na Benitha akakubali huku akicheka.

Siku gauni lilipokuwa tayari alifika mapema. Mikono ilimsisimka kwa baridi. Alisimama mlangoni akiisugua, akiitazama Bukavu ikichomoza taratibu kutoka majini, nyumba baada ya nyumba, na akahisi njaa, njaa hasa, ya kwanza baada ya muda mrefu. Akamwomba Gasaro chai ya maziwa na mkate, akaketi kwenye meza ya wageni, karibu na dirisha, akala.