Samaki Nisiyemla

Mwezi uliopita basi letu lilipasuka tairi Ipogolo, pale bondeni kabla ya kuupanda mlima wa kuingia Iringa mjini. Nilikuwa natoka kwangu Ilomba, Mbeya, nakwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yangu. Abiria wenzangu walishuka wakaanza kumfundisha kazi utingo, maana sisi hatukosi ushauri wa kumpa mtu aliyeshika spana. Mimi nikajitoa polepole, nikateremka hadi mtoni.

Ruaha Mdogo umepungua, ndugu yangu. Nilimkuta dada mmoja anafua mapazia, nikamsalimu, kisha nikamwuliza kama kuyu bado wapo humu. Akanitazama. "Kuyu ndo nini, mama?" Nikamweleza: samaki wa magamba makubwa ya rangi ya shaba, midomo minene, na visharubu pembeni. Akacheka kwa adabu. "Humu siku hizi tunafulia tu. Kama unataka samaki, panda huko sokoni, kuna sato kwenye friji." Sikutaka sato. Nilikaa kwenye jiwe, honi ya basi ikaniita, nikaichelewesha kidogo. Mambo niliyoyakumbuka pale ndiyo nataka nikusimulie wewe, ambaye angalau umeketi.

Nililelewa hapo jirani na mto na bibi mzaa mama. Mama yangu alikuwa kule Mgololo, akipika kwenye kantini ya kiwanda cha karatasi, na alikuja mwisho wa mwezi na sabuni, sukari na daftari. Baba sikuwa naye, wala sikuwa nimeambiwa chochote juu yake. Nilikuwa na binamu, mtoto wa mjomba, rika langu, niliyelala naye kitanda kimoja na kugombea naye blanketi moja. Asubuhi za kule baridi huuma hata kiangazi. Tuliamka tukaota moto jikoni, bibi akatupa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, kisha tukashuka kumwagilia vinyungu, zile bustani za bondeni ambako mboga huota wakati mashamba ya juu yamekauka. Ukimaliza matuta yako ya maharage, mchana ni wako.

Na mchana wa mwezi wa tisa ulikuwa wa kuvua. Maji yalikuwa yamepungua na kutakata, kuyu wamekusanyika kwenye vilindi chini ya miamba, na ukilala kifudifudi juu ya jiwe la moto uliwaona wanapita taratibu, wanavuta mchanga mdomoni na kuutema. Nilikuwa mtoto wa maswali. Samaki analala saa ngapi? Akikohoa, maji hayamwingii? Sharubu za nini, naye hana mtu wa kumwogopesha? Bibi alisema nilizaliwa nikamwuliza mkunga saa. Mwalimu wetu wa sayansi ndiye pekee aliyenistahimili. Aliniambia kuyu ni ndugu wa karpi, samaki wanaofugwa kwenye madimbwi huko Uchina na Ulaya, na kwamba zile sharubu ndizo ulimi wake, huonja nazo kabla ya kula. Basi nikampenda zaidi kwa kuwa ni mdadisi.

Ufito wetu ulikuwa wa mwanzi. Mianzi ya bibi ilikuwa ya kugema ulanzi, pombe yetu ya kule, na kuikata ovyo ilikuwa kesi, lakini kiangazi haigemwi, kwa hiyo kesi ilikuwa ndogo. Kipande cha gunzi kikawa boya. Chambo kilikuwa ugali wa jana uliofinyangwa na boga mpaka ukanata. Nilimshinda binamu kwa mbali, nakwambia bila haya, kwa sababu yeye alivuta mara tu boya lilipotikisika, na mimi nilitaka kwanza kujua huko chini kunafanyika nini.

Sasa lililonisumbua ni hili. Kuyu niliwavua mimi, lakini sikuwala. Bibi aliwapara magamba, akawabanika kidogo juu ya moto, kisha akawapika na nyanya na karanga za kutwanga mpaka harufu ikawafikia majirani. Binamu alikula, mjomba alikula, bibi mwenyewe alikula mpaka kichwa, akifyonza mifupa kama anaisomea. Mimi niliwekewa maharage. Kambale niliruhusiwa, dagaa niliruhusiwa, kuyu hapana. "Utatoka mapele," ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Siku moja bibi alitoka nje kuanua nguo, binamu akanimegea kipande. Kilikuwa tayari mdomoni bibi aliporudi. Bibi yangu hakuwa mtu wa kupiga wala kelele, lakini siku ile aliniinamisha kwa shingo.

"Tema! Tema yote. Sukutua."

"Kwani samaki hii ina nini, bibi?"

"Itakutoa mapele."

"Mbona huyu haimtoi?"

"Huyu siyo wewe."

Nikasukutua, naye akasimama juu yangu na kopo la maji. Mapele hayakutoka. Kwa muda mrefu nilijikagua mikono na tumbo, na kila nilipokosa kipele swali lilikua.

Kiangazi hicho hicho alikuja mwanamume mmoja kutoka upande wa Kalenga, akakodi kinyungu ng'ambo ya mto, akapanda kabichi. Mchana aliketi mkabala na sisi na ufito wake. Alijua kuvua, yule bwana. Aliniambia kwa sauti ya chini, maana maji hubeba sauti, "Akigusa usivute. Muache aonje, akishakuamini ndo uvute." Lakini kila kuyu aliyemtoa aliwapa watoto, yeye akabaki na kambale. Nikangoja siku mbili tatu nione kama ni ukarimu tu, kisha nikashindwa.

"Baba, mbona wewe kuyu huli?"

"Kwetu ni mzilo. Nikila natoka mapele."

Wewe labda umekulia mjini, kwa hiyo nikufafanulie. Mzilo ni mwiko wa chakula wa ukoo. Wahehe tunao: hawa hawali mnyama fulani, wale hawali ndege fulani. Mimi wakati huo nililijua neno, lakini sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilichosikia ni yale mapele yangu yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

"Mzilo mtu anapewa na nani?"

"Na baba. Mama anakuzaa, baba anakupa mzilo."

"Na mimi siyo mlaji wa kuyu," nikasema.

"Nani kakukataza?"

"Bibi."

"Na bibi mwenyewe anakula?"

"Mpaka kichwa."

Alianza kucheka, kisha akaacha. Boya lake lilizama, akaliacha lizame. Kuyu akaondoka na ndoano na mshipi, naye ananitazama mimi. Aliniuliza mama yangu anaitwa nani na yuko wapi. Nikamjibu yote, nikiwa na fahari kwamba safari hii mtu mzima ndiye anayeuliza.

Jioni nilimsimulia bibi nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua jambo. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharage. Alisukuma ungo kando, akaniambia niketi, na ndipo kwa mara ya kwanza nikasimuliwa habari za baba yangu.

Alikuja nyumbani mara moja tu. Alikuwa utingo wa lori, kijana mwenye adabu, na bibi alimpikia mgeni chakula kizuri alichokuwa nacho, yaani kuyu. Kijana akapiga magoti akasema, "Nisamehe mama, kwetu hatuli." Bibi akaona aibu, yeye akamtoa aibu kwa kula ugali na mboga za maboga huku akizisifu. Akaahidi kurudi na wazee wake. Hakurudi, lori lao lilianguka kwenye mteremko wa Kitonga. Wazee wake walikuwa wamelisikia jina la mama yangu tu, hawakujua kwamba ameacha mimba, na bibi hakuwatumia habari.

"Kwa nini, bibi?"

"Mtoto ni wa upande wa baba. Wangekuja kukuchukua." Akauvuta ungo tena. "Na sasa watakuja."

Nilifurahi kuwa na baba kwa muda mfupi kuliko ninavyoweza kukueleza. Hofu ilikuja mara moja. Nilijaribu kuwaza nyumba nyingine, kitanda kingine, mto ambao siujui vilindi vyake. Usidhani niliacha udadisi: nilitaka sana kujua kama watu hao wana masikio kama yangu. Nilitaka kuwaona na nilitaka wasije.

Walikuja. Mama alikuwa ameitwa kutoka Mgololo, akaketi karibu na moto, akawa anasukuma kuni. Alikuja yule jirani wa kabichi, ambaye kumbe alikuwa wa ukoo ule ule, mzee mmoja aliyetembelea fimbo, na mwanamke mrefu aliyejifunga khanga mbili. Huyo alikuwa dada wa baba yangu, shangazi. Nilitazama masikio yake kwanza. Yalikuwa yangu.

Salamu zilikwenda vizuri, halafu mzee akasema waliyoyajia. Hakuwa mkali. Alisema damu yao haiwezi kukaa kwa watu wakati wao wapo, na kwamba watashukuru kwa malezi kama desturi inavyotaka. Bibi akajibu kwamba amesikia, ila mgeni haondoki na njaa, akaenda jikoni.

Alikuwa amepika tangu alfajiri. Kulikuwa na kuyu, kwa sababu ulikuwa msimu wake na nyumba ile ilikuwa na watu wa kuwala. Na kulikuwa na kuku, kwenye sufuria nyingine, kwenye mafiga mengine. Hata mwiko wa kusongea ugali wa wageni ulikuwa mpya, haujagusa chungu cha samaki. Bibi aliwawekea wageni kuku. Aliwawekea mjomba na binamu kuyu. Kisha, bila kutazama mtu, akachukua sahani yangu akanitilia kutoka kwenye sufuria ya wageni.

Shangazi alikuwa ameshanawa. Aliangalia sahani yangu, akaangalia ya binamu, akaangalia zile sufuria mbili.

"Mwanangu, samaki huli?"

"Siruhusiwi."

"Tangu lini?"

Sikujua, ikabidi bibi ajibu. "Tangu hajazaliwa. Mama yake alipokuwa na mimba sikumpa. Akinyonyesha sikumpa." Kisha akaona afadhali amalize. "Kumficha nilimficha, hilo siwezi kukataa. Kumharibu sikumharibu. Siku mkija mumkute mtu wenu."

Hakuna aliyekula. Shangazi aliinuka kwenye kigoda, akavuka chumba, akapiga magoti mbele ya bibi yangu chini kwenye udongo, akamsalimu upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia: "Kamwene, mama." Bibi akaitikia. Wote wawili walikuwa wanalia, na mimi nikaanza kwa kuwaona wao. Kisha shangazi akamgeukia mzee wake, na ingawa alikuwa mwanamke na mdogo, hakuomba ruhusa.

"Baba, tumchukue tumpeleke wapi? Mtoto tumemkuta kwetu. Likizo atakuja kutusalimia. Abaki hapa."

Mzee akafikiri, akavuta sahani karibu. "Kuku atapoa," akasema, na huo ndio uliokuwa uamuzi.

Walipoondoka niliingia chumbani kulala. Juu ya kitanda kulikuwa na mfuko ambao sikuuona asubuhi. Ndani zilikuwamo nguo zangu zote, zimefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, sare ya shule, viatu vilivyofungwa kwenye gazeti, na karanga za kukaanga za kula njiani. Bibi alinikuta nimesimama hapo. Alifungua mfuko, akazitoa nguo moja moja, akazirudisha mahali pake. Alipofika kwenye karanga aliketi kitandani, tukazila.

Likizo nilikwenda kwa shangazi, nikauliza maswali mpaka nao wakanikoma. Bibi amekwishafariki. Shangazi naye. Vinyungu vimebanwa na nyumba, kiangazi mto unabaki na maji ya kufulia mapazia, na kuyu, kama ulivyosikia, hata jina limepotea. Lakini kinachonisikitisha zaidi ni kupotea kwa wale watu walioweza kushika kichwani, miaka yote, kwamba mtoto fulani hali samaki fulani, wakapika sufuria mbili kwa ajili hiyo, bila kushukuriwa.

Kwangu Ilomba, mgeni akiniletea samaki wa mtoni nisiyemfahamu vizuri, nakataa kwa upole, isije ikawa ndiye. Mwanangu wa mwisho, mtoto mwema, hunisaidia kueleza. "Mama ana aleji," huwaambia. Namwacha aseme hivyo. Ananimiminia maji ya kunawa, ananisogezea maharage, na mimi namtazama, namngoja aniulize ni samaki gani na nani alinikataza. Hajawahi kuuliza.