Nani Hasa Alitaka Mkataba

Miaka ile ya Brexit nilikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Al-Nuzha, Jeddah, na sidhani hata Uingereza kwenyewe kulikuwa na mtu aliyeifuatilia kwa moto kama mimi. Binti wa nyumba alikuwa akisoma kule, kwa hiyo baba mwenye nyumba, mzee mstaafu, hakuzima televisheni kutwa nzima. Nilipiga pasi huku nikitazama. Kiarabu changu cha jikoni kilinifikisha nusu, nusu nyingine baba alinieleza. Wajumbe wakitoka mkutanoni wamekunja uso, moyo ulinidunda utadhani nina shamba huko.

Kila siku baada ya alasiri nilimpigia mume wangu, dereva wa lori kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, tukabishana. Je, serikali ya Uingereza inataka kweli mkataba na Ulaya, au inajifanya? Mimi nilishikilia kwamba inataka, maana asiyetaka hawezi kusafiri kila wiki na mafaili kwapani. Yeye alicheka. Alisema asiyetaka ndiye hasa hakosi mkutano hata mmoja, ili baadaye aseme alijaribu.

"Hao hawataki deal, mama watoto," akaniambia. "Ni kama madam wako tu."

Hapo alinigusa pabaya, maana na sisi tulikuwa na mazungumzo yetu. Bosi wake alihitaji mfanyakazi wa nyumbani, na alikuwa tayari kunichukua mimi na kutupa chumba cha uani, mume na mke. Miaka minne tulikuwa nchi moja tukionana kwenye simu. Kilichobaki ni madam, mama mwenye nyumba, aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, akubali ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ihamie Riyadh. Hakukataa. Alisema ataleta mwingine, nimfundishe, akiiweza kazi niende zangu.

Aliletwa Mkenya mwenzangu, dada mcheshi mwenye mikono myepesi. Nilimwonyesha kufua, kupika, na dawa za baba. Siku ya tatu madam alipata wageni, nikamkabidhi birika la kahawa. Akajaza finjani mpaka ukingoni, kama tunavyomjazia mgeni chai kwetu. Kumbe kwa watu wa hapa finjani hutiwa kidogo tu, ukaongezewa na kuongezewa mpaka mwenyewe uitikise kuonyesha umetosheka. Kumjazia mgeni ni kumwambia anywe aondoke. Mgeni mkubwa aliiweka finjani chini bila kuionja. Kesho yake yule dada akarudishwa kwa wakala.

Mume wangu alisema si aliniambia, madam anatafuta kisingizio. Nikamuunga mkono, tena kwa sauti ya juu. Nilimsema madam dakika kumi nzima bila kupumua.

Lakini nilijua. Kosa lile lile nililifanya mimi wiki yangu ya kwanza. Siku ile nilisimama mlangoni nikimwona mwenzangu akimimina, kahawa ikapita nusu ya finjani, na sikufungua mdomo.

Siku chache baadaye waziri mmoja alikuwa kwenye televisheni akieleza kwa nini mambo yamekwama. Sababu zote zilikuwa za upande wa pili. Baba akapunguza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Huyu anaogopa kupewa anachokiomba," alisema. "Akipewa, itabidi aishi nacho."

Alimsema waziri, lakini aliyewaka uso ni mimi na pasi yangu. Nyumba ile nilikuwa mtu. Baba hakumeza kidonge ila nimpe mimi. Riyadh ningekuwa mgeni, tena mke wa mwanamume ambaye sikumbuki hata anakoroma vipi. Kumpenda kwenye simu nilikuwa nimekuzoea. Chumba kimoja kiliniogopesha, basi.

Nilizima pasi, nikaenda kwa madam nikakiri. Nikasema kosa la kahawa ni langu, nilijua na sikumwambia, tafadhali amrudishe. Madam akampigia wakala pale pale. Hakuuliza kwa nini, na nilimshukuru kwa hilo.

Yule dada aliporudi nilimwomba radhi, akanicheka, kisha nikamkalisha jikoni na birika la maji. Alimimina mara ishirini, mimi nikisimamia kila tone. Wageni walipokuja nilisimama mlango ule ule. Akatia kidogo. Akaongeza kidogo. Mgeni yule yule akanywa mara tatu, akatikisa finjani. Nilijiziba mdomo nisipige vigelegele.

Wageni walipoondoka madam aliniita, akachukua simu yake. "Halas," alisema, yaani basi, yamekwisha, akanionyesha fomu ya serikali ya kuhamisha ikama. Habari za bosi wa Riyadh alikuwa ameshazijaza tangu siku niliyomwomba. Ilibaki kubonyeza tu. Akabonyeza, macho yamemlowa, nami nikalia waziwazi kwa furaha na kwa aibu.

Nilimpigia mume wangu. Alipiga honi ya lori mpaka wenzake ghalani wakamfokea. Kisha akaniuliza.

"Kumbe madam alitaka deal?"

"Madam alitaka tangu mwanzo," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeanza kutaka juzi."