Kiganja Kwenye Rangi Mbichi

Kosa langu la kwanza katika biashara ya nyumba lilikuwa kuwanyima majirani kasiksi. Msicheke. Kwetu Bukavu, ukinunua nyumba unawaita majirani, mnakunywa pombe hiyo ya ndizi, nao wanakuwa mashahidi wako. Mimi niliahirisha. Niliogopa wangeimwaga kwenye saruji yangu mpya. Ndivyo nilivyo, nakiri. Na haya yalinipata mimi mwenyewe, enzi za Zaïre, mchana kweupe, sijaonja hata tone.

Nilikuwa nimeuza shamba alilotuachia baba kule Mudaka, nikanunua nyumba chakavu Kadutu ili niitengeneze na kuiuza kwa faida. Isipouzika, mama hana pa kulima. Ufundi wenyewe nilijifunza kwa kuwachungulia waashi. Siku tatu nilipaka rangi ukuta wa sebule, na kila asubuhi nilikuta alama ya kiganja katikati, kidole kimoja kifupi. Mlango umefungwa, ufunguo ninao mimi. Wewe ungefanya nini? Mimi nilipaka upya, nikilia kidogo.

Siku ya nne nilisikia mtu akicheka nyuma yangu. Mama mzee, kitenge cha njano. Nje mvua ilikuwa inamwagika, naye mkavu kabisa.

"Citoyen, unapaka tena?" Ndivyo tulivyoitana wote enzi zile, "raia".

"Maman, umepita wapi?"

"Mu mulango. Ni nyumba yangu, nipite mu dirisha?" Akautazama ukuta. "Iko muzuri. Muzuri sana, sawa sanduku ya maiti."

"Maman, tafazali, usiguse..."

Akagusa. Kiganja kizima! Na mkono wake haukushika rangi.

"Majirani yangu banakauka koo, weye unapaka rangi tu. Lete kasiksi, mutoto. Bakunywe, bacheze. Kisha nitaenda."

Nikapepesa macho, hayupo.

Niamini, nilikimbia na mvua ile ile hadi kwa mama mmoja wa Nyantende aliyeuza kasiksi, nikarudi na bidoni mbili, madumu yaliyojaa pomoni. Majirani walijaa. Waliimba, wakamwaga, wakacheza na matope yao kwenye sakafu yangu, na mimi katikati yao nikicheka kama mwendawazimu. Ghafla Papa fundi cherehani wa jirani akausogelea ukuta.

"Hii kidole fupi! Ni ya maman mwenye nyumba. Panga ilimukata kidole zamani. Tulimuzika, watoto yake bakauza mbio mbio, hata kikombe moja hatukupewa."

Vikombe vikashushwa. Kisha mtu akasema, "Basi mumumiminie na yeye!" Tukammiminia chini ya ukuta, vicheko vikaanza upya.

Nilipaka mara ya mwisho, na rangi ikakauka safi. Mwezi haukuisha, fundi cherehani akamleta dada yake kununua. "Hapa tulisha kunywa," alimwambia, "lala bila woga." Kwa faida ile nilimnunulia mama yangu shamba, kubwa kuliko lile la Mudaka.

Wewe unayetaka kuanza kazi hii, usinunue kuta ukawasahau waliokaa ndani yake. Watakuja wenyewe.

Nimetengeneza nyumba nyingi tangu siku ile. Sasa hualika watu kabla sijafungua mfuko wa saruji, na ukuta ukipinda kidogo, ninauacha; nyumba si sanduku la maiti.