Vipande vya Moyo Wangu

Mwaka niliougua moyo nilikuwa nafundisha darasa la tatu huko Old Moshi, nikiishi na mama mkwe wangu kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Mume wangu alikuwa analima mpunga Kahe na kupanda nyumbani mwisho wa wiki. Ugonjwa ulianza na pumzi. Kutoka barabarani hadi nyumbani ni kilima kifupi tu, lakini nikawa nasimama katikati, nimeshika mgomba, nikijifanya natazama kahawa. Kisha miguu ikavimba, viatu vikanikataa.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Machame, alikuja kuniona. Mama mkwe alipotoka kukata majani ya ng'ombe, dada aliinuka akarudishia mlango.

"Nani anakupikia?"

"Mama."

"Na yeye anakula chakula hichohicho?"

Nilitaka kucheka, lakini swali lilikuwa limeshaingia. Ni kweli mama mkwe alikula baadaye, peke yake jikoni. Miaka yote nilidhani ni mazoea ya wazee. Tangu siku ile nikaanza kumtazama mikono. Akileta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, nilimwambia, "Mama, hebu onja kama chumvi imetosha." Akaonja, akasema imetosha. Nilipomwomba tena siku nyingine, aliweka bakuli mezani bila kuonja.

"Mwalimu," alisema, "chumvi ya nyumba hii hujawahi kuiulizia."

Mtori ule sikuunywa.

Hospitalini Moshi mjini, picha ilionyesha moyo umetanuka na unasukuma damu kwa udhaifu. Daktari wa moyo alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliniambia dawa alizonipa zinapunguza maji mwilini tu, hazijui adui ni nani. Alitaka kuchukua vipande vidogo vya nyama ya moyo vikapimwe.

"Tutapita hapa," akasema, akagusa kifundo cha mkono wangu wa kulia, pale mshipa unapodunda.

"Moyo uko kifuani, daktari."

"Mshipa huu unafika huko. Tungeweza kupita kwenye paja, lakini ule wa paja ukivuja ni kazi kuuzuia. Huu uko juujuu, tunaubana tu." Akauachia mkono wangu. "Hatari zipo. Moyo unaweza kutoboka, au ukapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini nisikufiche. Na kutakuwa na daktari mgeni, amefanya vipimo hivi vingi kuliko mimi."

"Kwa hiyo mnajifunzia kwangu."

"Nafanya mimi, yeye anasimama pembeni."

Hakukasirika, na hilo nalo likanitia shaka. Niliwaza kwamba mtu asiye na lake angekasirika angalau kidogo.

Nje, dada na mama mkwe walikuwa wamekaa benchi moja, kila mmoja ukingoni kwake. Nilipowaeleza, kwa mara ya kwanza walikubaliana.

"Vipande vya moyo wa mtu vitapelekwa wapi?" dada aliuliza.

"Hata mbuzi akichinjwa," mama mkwe alisema, "kila kipande kinajulikana kinakwenda kwa nani."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama kando yao, aliniambia nikikataa tutarudi nyumbani. "Lakini turudi tukafanye nini?" akauliza.

Nilirudi ndani peke yangu. "Daktari, vipande hivyo vinaweza kuonyesha kama mtu amelishwa kitu?"

Aliniangalia vizuri. "Vinaonyesha moyo umepatwa na nini. Mara nyingine vinatuelekeza kwenye sababu, mara nyingine havisemi."

Nikakubali. Sikuwa nimemwamini. Nilikuwa nimechoka kuogopa chakula cha nyumbani kwangu.

Siku yenyewe walinilaza nikiwa macho, mkono umenyooshwa kwenye ubao. Sindano ya ganzi iliuma, kisha nikahisi kitu kinasukumwa ndani ya mkono, hakiumi ila kinakera, kama uzi unaovutwa ndani ya mshono. Daktari mgeni alisimama pembeni kweli. Kuna wakati walisemezana Kiingereza kwa haraka na nikakaza masikio, lakini walikuwa wanaulizana kuhusu picha kwenye skrini. Humo niliona moyo wangu ukijikunja kama ngumi ya mtu mchovu.

"Sasa utahisi unaruka," daktari alisema.

Uliruka. Uligonga pigo moja kubwa, ukakaa kimya, nikadhani ndiyo basi. Ukaendelea. Walikuwa wameng'ata kipande cha kwanza kwa koleo jembamba lililopita mkononi. Walirudia mara kadhaa.

"Nionyeshe," nilisema.

Muuguzi aliniletea kichupa. Ndani ya maji yake vilielea vijipande vyeupe, vidogo kama kichwa cha pini. Nilivitazama mpaka alipoviondoa. Wakanifunga kifundoni bangili ya plastiki iliyojazwa upepo, nikaketi, nikanywa chai.

Majibu yalipotoka, daktari alisema moyo umevamiwa na chembe za damu za aina inayoongezeka mtu akipatwa na aleji. Sumu ya jikoni haikuonekana.

"Mbali na dawa zangu, unatumia nini?"

Nilifikiri. "Unga wa mizizi, wa maumivu ya mgongo. Nakoroga kwenye uji."

"Tangu lini?"

"Kabla ya kuugua."

"Nani alikupa?"

Dada alikuwa ameketi kando yangu. Aliangalia ukuta.

"Siwezi kuapa kwamba ni huo," daktari alisema. "Lakini uache leo."

Tulipofika getini dada alisimama. "Mimi mwenyewe nakunywa unga ule. Mbona sijafa?"

"Daktari hajasema ni wewe."

"Aliniangalia."

Nyumbani nilimweleza mama mkwe yote. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Ulidhani ni mimi," alisema. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kumenya, kisha akanisogezea kisu cha pili na ndizi zilizobaki.

Kwa dawa mpya uvimbe ulishuka, nikarudi darasani. Kilima napanda bila kusimama. Daktari amepima moyo tena na tena, anasema umepata nguvu, ingawa vidonge bado nameza. Dada haji mara kwa mara kama zamani. Akija hukaa uani na kuondoka mapema, na unga wake bado anakunywa. Mara ya mwisho aliniuliza kama vile vipande nilirudishiwa. Nikasema hapana, viko maabara.

"Una hakika?" akauliza.

Nilimwambia ninavyojua ni hivyo. Akafunga kanga yake, akaaga.