Mguu Wangu Kwenye Klachi

Nilimwonea binamu yangu wivu kwa sababu ya mlima. Gari lilikuwa moja, barabara moja, na magunia ya mahindi yaleyale. Lakini yeye alipanda kwa gia namba mbili, mimi nikapanda kwa namba moja huku abiria wakishuka kunipunguzia uzito.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu iliyoachwa na meneja wa shamba moja la mkonge, kule bondeni, mashamba yalipochukuliwa na serikali. Kijiji chetu cha juu, upande wa Mbaga, kilipogeuka kijiji cha ujamaa, tukapewa sisi. Wenye kujua usukani tulikuwa wawili tu: mimi, na mtoto wa shangazi yangu, ambaye mama yangu alimlea tangu wazazi wake walipofariki. Tulisoma sekondari pamoja, na gari tulijifunzia shamba hilohilo la mkonge, yeye kwenye lori, mimi kwenye trekta. Halmashauri ya kijiji ikaamua tupokezane kwa wiki, kama watu wa kwetu wanavyopokezana maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Kila Jumapili ufunguo ulibadili mfuko. Ila tuliambiwa mapema kwamba kahawa ikishavunwa dereva atabaki mmoja, na mwingine atarudi kwenye jembe. Mimi jembe sikulitaka.

Watu wa kwetu hawana haya. Asubuhi, gari likiwa bado limesimama, ungesikia mtu anauliza, "Jamani, leo ni wiki ya nani?"

"Ya miguu," anajibiwa, na wote wanacheka, kwa kuwa katika wiki yangu walijua watapanda ile kona kubwa ya mlimani kwa miguu, kisha wanisubiri juu.

Nilicheka nao.

Nikasema nitautafuta ugonjwa wa gari mwenyewe. Nilikumbuka somo la shule kwamba nguvu ya injini haifiki yote kwenye matairi. Inapita kwenye klachi, inaingia giaboksi, inakwenda na propela hadi kwenye difu, katikati ya magurudumu ya nyuma, na kila inapopita huacha kidogo. Ni kama maji ya mfereji. Yanatoka ndiva yakiwa mengi, lakini mwenye shamba la mwisho huona matope tu ikiwa mfereji unavuja njiani. Basi nikawa mtafuta matundu. Nilipandisha kila gurudumu kwa jeki nikalizungusha kwa mkono, nikakuta breki za nyuma zinashika, nikazilegeza. Nilimwaga oili ya giaboksi, nzito kama asali ya masika, kwa sababu kwetu juu asubuhi ni baridi na gia zilikuwa zinazunguka kwa shida, nikatia nyepesi. Nikapaka grisi viungo vya propela. Nikajaza upepo matairi yaliyokuwa yamelegea.

Wiki yangu ikaja, gari likapanda nafuu kidogo. Wiki ya binamu ikaja, likapanda kama limetumwa. Nililisikia nikiwa shambani, likiimba kwa namba mbili hadi juu kabisa, na nikaelewa kuwa kazi yangu yote nilikuwa namtengenezea yeye. Sijui kama umewahi kumchongea adui yako mkuki. Mimi nilimchongea, nikaunoa, nikampa Jumapili kwa mkono wa kulia.

Mama alikuwa na safari ya kwenda Same hospitali, kutazamwa macho. Wiki ilikuwa yangu. Nikaenda kumwambia tutaondoka alfajiri.

"Nitasubiri wiki ijayo, mwanangu."

"Mama, gari si ni lilelile?"

"Ni lilelile. Ila kwako linanuka. Wakati wa kurudi, tukianza kupanda, linanuka kama kwato zilizotupwa motoni, mpaka kichwa kinaniuma."

"Basi mwambie mwanao mwingine akupeleke."

"Ndiyo, nitamwambia," alisema, akaendelea kuchagua maharage. Wala hakukasirika. Angenikaripia ningelala usingizi.

Harufu ile nami niliisikia kila siku. Nikaiita harufu ya mlima.

Wiki iliyofuata nilipeleka mashtaka kwenye halmashauri. Nilisema binamu anakaza breki kila anaponikabidhi gari. Mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Mpare hawezi kumaliza makande bila kesi."

Binamu alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nizikaze za nini, kaka? Wiki ikiisha, mlima huohuo si ninaupanda mimi na breki hizohizo?"

Mwenyekiti akakata shauri bila kuzunguka. Mahindi ya ghala la kijiji yalikuwa Same yanasubiri. Siku moja, mzigo sawa, safari mbili: asubuhi binamu, mchana mimi. Wajumbe watakaa nyuma juu ya magunia wajionee. Na kwa kuwa mavuno yalikuwa karibu, tusingerudia tena. Atakayepanda vizuri ndiye atakayebaki na ufunguo.

Asubuhi binamu alipanda kwa namba mbili. Sina la kuongeza hapo.

Zamu yangu, yeye alikaa kiti cha kushoto, karibu nami. Tulipita Mwembe vizuri. Mlima ulipoanza, gari likaanza kulia, injini ikipiga kelele nyingi na matairi yakienda polepole. Nikarudi namba moja. Harufu ikaja. Nyuma nikamsikia mjumbe akisema, "Tushuke au tungoje tuambiwe?"

Binamu akainama kama anayetafuta kitu chini. Akasema kwa sauti ya chini, ili wa nyuma wasisikie: "Kaka, mguu wako wa kushoto. Umeulaza kwenye klachi. Utoe kabisa, uweke sakafuni."

Ni kweli, ulikuwa pale. Ulikuwa pale siku zote, tangu kwenye trekta. Nilidhani dereva hodari huweka mguu tayari, hasa penye poromoko. Sikujua kuwa uzito ule mdogo unatosha kuifanya klachi isishike sawasawa, na nguvu inaishia hapo kwa kusuguana, hata kabla ya kuingia giaboksi. Matundu yote niliyoziba yalikuwa chini ya lile moja nililolikalia mwenyewe.

Niliuinua mguu. Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nililisikia mgongoni, nikasikia wajumbe wakiangua "Eeh!" na kona kubwa ikaanza kutujia yenyewe.

Ningeuacha mguu sakafuni, ningefika. Labda ningebaki na ufunguo, au tungeendelea kupokezana. Lakini nikamwona binamu anatabasamu. Hakuwa ananicheka; alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba. Nikifika juu nitakuwa nimefikishwa naye. Nikaurudisha mguu.

"Kaka," alisema.

"Niache niendeshe."

Nikaukandamiza. Moshi ukapanda kupitia sakafuni. Katikati ya kona kubwa injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote na gari limesimama, halafu likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono, wajumbe wakaruka, wakaweka mawe nyuma ya matairi. Pleti ya klachi ilikuwa imekwisha.

Mwenyekiti aliuliza kumetokea nini. Kabla sijafungua kinywa, binamu akasema, "Pleti ilikuwa imezeeka, Ndugu Mwenyekiti. Ingeweza kunifia hata mimi asubuhi." Nikamchukia kwa kuniokoa.

Vipuri vilikuwa adimu miaka ile. Pleti haikupatikana Same wala Moshi, na kahawa ya mwaka huo iliteremka mlima kwa vichwa vya akina mama na migongo ya punda. Mama, ambaye gari lilikufa kabla siku yake ya safari haijafika, alishuka kwenda hospitali kwa miguu, fimbo mkononi. Aliyembebea mfuko ni binamu. Mimi nilisema nina palizi.

Pleti ilipofika, ufunguo alipewa yeye. Alikuja kwetu siku hiyohiyo. "Twende Same, kaka. Kiti cha kushoto ni chako." Nikamjibu nina palizi. Akaniangalia, akaangalia shamba, ambalo halikuwa na hata gugu moja, akaondoka. Hakunialika tena. Sasa amekufa, na mimi bado sijakaa kiti kile.

Baada ya mvua za mwaka uleule kijiji kizima kilitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kufukia mashimo ya barabara. Nilipangiwa kona kubwa. Nikasikia pikapu ikipanda kwa namba mbili. Tukasogea pembeni na majembe yetu. Mama alikuwa mbele, kiti cha kushoto, ametulia kama yuko kanisani, akanipungia mkono.

Lilipopita niliinua pua, nikavuta hewa, nikitamani kuisikia ile harufu ya kwato. Palikuwa na vumbi tu.